Asubuhi inagoma, mchana inachapa kazi: usiizike mazabodi mapema

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari hapa Njombe mjini. Kompyuta yangu ni HP Compaq 8200 Elite, ile ya kasha jembamba, niliinunua ikiwa imetumika. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, asubuhi nikibonyeza swichi taa inawaka na feni inazunguka, ila skrini inabaki nyeusi. Hakuna mlio wowote. Nazima, nawasha tena, mara ya tatu au ya nne ndiyo inakubali, halafu inaniandikia «163-Time & Date Not Set» na kunitaka nibonyeze F1. Ikishawaka inafanya kazi mpaka nafunga duka. Kuna siku imefika kwenye Windows ikaishia skrini ya bluu. Usiku huwa nazima kila kitu ukutani. Fundi wa hapa amesema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?

JIBU: Usinunue, dada yangu. Sijaiona mashine yako, lakini mazabodi iliyokufa haichapi barua za wateja kutwa nzima. Maelezo yako yana mambo matatu ambayo fundi wako ameyabeba kama ugonjwa mmoja: mashine kugoma asubuhi tu, saa kupotea, na skrini ya bluu ya mara moja moja. Hayana chanzo kimoja, na mawili kati ya hayo yanaanzia kwenye swichi ya ukutani unayoizima usiku.

Nianze na lililo rahisi, saa. Ndani ya mashine kuna betri bapa ya mviringo, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuilinda saa na mipangilio ya bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, pale mashine inapokosa umeme kabisa. Kompyuta ya mezani iliyozimwa kwa kitufe chake, huku soketi ya ukutani ikiwa inapitisha umeme, bado inapokea volti 5 za akiba kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, na betri inapumzika. Wewe unazima ukutani, kwa hiyo usiku kucha saa inategemea betri peke yake. Ukichukua mashine iliyotoka kiwandani mwaka 2011 au 2012, pengine ikiwa na betri ile ile ya siku ya kwanza, hilo tangazo la 163 ndilo ningelitarajia hasa.

Badilisha betri hiyo kwanza, bila kumsubiri mtu. Bei yake ni ndogo kuliko rimu moja ya karatasi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kumi na tano hivi ili umeme uliobaki ndani uishe, fungua kasha, sukuma kile kibanio kidogo cha chuma pembeni ya betri, nayo itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kama una mita ya kupimia volti, ipime dukani kabla ya kulipa: betri nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo, na iliyoshuka chini ya 2.7 usiichukue hata ikiwa kwenye pakiti inayong'aa. Ukimaliza, washa huku ukigonga F10, ingia kwenye bayosi, weka tarehe na saa, hifadhi, toka.

Saa isiyo sahihi si jambo la kupuuza kwa mtu wa steshenari. Tovuti za siku hizi zinathibitishwa kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2011, kivinjari kinaona vyeti vyote bado havijaanza kazi, kinakataa kufungua, na mwanafunzi aliyekuja kuomba mkopo anaambiwa mtandao mbovu. Mtandao hauna kosa.

Sasa skrini ya bluu, maana nayo huenda inatoka kwenye betri hiyo hiyo. Betri ikichoka, kinachopotea si saa peke yake. Bayosi inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kati ya mipangilio hiyo kuna namna mazabodi inavyozungumza na hadidiski. Kwenye HP yako utaikuta ndani ya F10, sehemu ya Storage, kisha Storage Options, mstari wa SATA Emulation, na machaguo yake ni IDE, AHCI na RAID. Aliyekuwekea Windows akiwa amechagua moja, halafu bayosi ikarudi kwenye nyingine, Windows inaanza kupanda, haioni diski yake, inaanguka kwenye bluu ikiwa na maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE au namba 0x0000007B. Siku mashine inawaka vizuri, ingia humo uandike kwenye daftari ni chaguo lipi limewekwa. Siku ikianguka, ingia tena ulinganishe. Likiwa limebadilika, lirudishe, basi. Usikubali kuwekewa Windows upya kwa sababu hiyo. Nimeona watu wakifutiwa kazi za miaka kwa tatizo ambalo dawa yake ilikuwa kubadilisha mstari mmoja.

Lakini kama bluu yako ina maneno mengine, na hasa kama inabadilika leo hivi kesho vile, hapo tutafikiria ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, au hadidiski yenyewe. Piga picha ya skrini hiyo kwa simu. Maneno yaliyoandikwa pale yanamsaidia fundi kuliko maelezo ya «iliandika bluu bluu».

Tuje kwenye kugoma asubuhi, ambako ndiko kwenye pesa.

Watu wengi wakiona feni inazunguka na taa inawaka wanahesabu kwamba umeme uko sawa, kwa hiyo tatizo lazima liwe mazabodi. Si kweli. Feni inahitaji volti 12 tu, hata za ovyo ovyo, ili izunguke. Prosesa, ubongo wa mashine, ni mdekaji zaidi. Ukibonyeza kitufe, pawasaplai inatakiwa itoe volti 12, 5 na 3.3 zikiwa zimetulia, kisha ndani ya sehemu ya sekunde itume ishara kwa mazabodi kwamba umeme uko tayari. Ishara hiyo isipofika, au ikifika huku volti zinayumba, prosesa inazuiwa isianze. Feni inaendelea kuzunguka, taa inawaka, na hakuna kinachotokea. Wala mlio hutausikia, kwa sababu anayepiga mlio ni bayosi, na bayosi inasomwa na prosesa ambayo haijaamka.

Huo ukimya ndio ulionishtua kwenye barua yako. HP za kundi hilo zina tabia nzuri ya kujieleza. Ramu ikiwa na kasoro, taa ya kuwashia inageuka nyekundu na kumetameta mara tano ikifuatana na milio mitano, inapumzika kidogo, inarudia. Mara sita ni upande wa picha. Mara mbili ni joto, feni ya prosesa imekwama au imejaa vumbi. Mara nne ni umeme. Milio inanyamaza baada ya kurudia mara kadhaa, lakini taa inaendelea, kwa hiyo itazame taa na usisubiri sikio. Yako, kwa maelezo yako, hailii. Nathubutu kusema inakwama kabla ya kufika kwenye ukaguzi wa ramu.

Na kwa nini asubuhi, tena tangu baridi ianze? Ndani ya pawasaplai kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo ambavyo kazi yake ni kulainisha umeme. Ndani yake kuna majimaji. Miaka inavyokwenda na joto la kazi, majimaji hayo yanakauka pole pole, na kapasita inapoteza nguvu ya kulainisha. Kapasita iliyochoka inakuwa mbaya zaidi ikiwa ya baridi. Njombe mwezi wa sita na wa saba hamhitaji kusimuliwa baridi ni nini; mashine iliyolala bila umeme kwenye chumba cha sakafu ya saruji inaamka ikiwa baridi mpaka ndani. Kila unapowasha na kuzima, umeme unapita, kapasita zinapata joto kidogo, na mara ya nne zinafikia pale ambapo volti zinatulia. Kuanzia hapo mashine ni ya moto na haina shida mpaka usiku. Mashine ile ile ingekuwa Dar es Salaam, huenda ingeficha ugonjwa huu mwaka mzima.

Sikutaki uamini kwa maneno. Kuna majaribio mawili ambayo hayana gharama.

La kwanza: usiku mmoja usizime ukutani. Zima kompyuta kwa njia ya kawaida kutoka kwenye Windows, lakini soketi iache na umeme. Msimu huu kwenu hakuna mvua wala radi, kwa hiyo hatari ni ndogo. Asubuhi bonyeza kitufe. Ikiwaka kwa mara ya kwanza na saa ikiwa sahihi, umepata majibu mawili kwa mkupuo: betri imekwisha, na pawasaplai inahitaji joto ili ifanye kazi. Rudia usiku mwingine usije ukadanganywa na bahati.

La pili linataka ufungue kasha, na ulifanye asubuhi wakati mashine inagoma. Mgonjwa anapimwa akiwa na homa. Ukimpelekea fundi mashine saa nane mchana baada ya kuwaka kutwa, ataiona nzima na ataanza kukisia. Ikikataa kuwaka, chomoa waya, shikilia kitufe kama nilivyosema, kisha ondoa ramu zote. Ndiyo, zote. Vua sweta la sufu kabla hujaingiza mkono, na shika kwanza chuma cha kasha, kwa sababu sufu na baridi kavu vinazaa umeme tuli unaoweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu. Rudisha waya, washa bila ramu. Mashine ambayo prosesa na mazabodi yake viko hai italalamika: taa nyekundu mara tano, milio mitano. Ikilalamika, furahi. Ina maana umeme unafika na mazabodi inafikiri, na tatizo limehamia kwenye ramu au mahali pake pa kukaa. Ikinyamaza vile vile kama zamani, prosesa haianzi, na wa kuulizwa kwanza ni pawasaplai.

Kama imelalamika, wewe una dawa dukani kwako. Chukua kifutio cheupe kisafi, sugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu pande zote mbili za ramu, futa mabaki kwa kitambaa kikavu, pangusa vumbi kwenye nafasi yake kwa brashi laini, rudisha ramu moja tu. Isukume mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Jaribu ramu moja moja, kila moja kwenye nafasi tofauti, ndipo utajua kama ni ramu mbovu au nafasi mbovu. Usitumie msasa, dhahabu ile ni nyembamba mno, ukiikwangua umeiharibu.

Tukirudi kwenye pawasaplai. Fundi mwenye mita anaweza kupima mashine ikiwa imegoma: waya wa njano kwa kawaida ni volti 12, na unakubalika kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu ni 5, kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya machungwa ni 3.3, wa zambarau ni zile volti 5 za akiba, zinazotakiwa kuwepo hata mashine ikiwa imezimwa, na wa kijivu ndio wa ile ishara. Namba zikitoka nje ya mipaka, kesi imekwisha. Ila namba nzuri haziiachii huru pawasaplai, kwa sababu mita ya kawaida inaonyesha wastani, haioni volti zinavyotetemeka haraka haraka. Kipimo cha kuaminika ni kuazima pawasaplai nzima, kuifunga, kuiacha mashine ilale bila umeme kama kawaida yako, na kuiwasha asubuhi. Mwambie fundi wako hivyo. Kama hataki kuazima pawasaplai kabla ya kukuuzia mazabodi, tafuta fundi mwingine.

Ukifika kununua, nenda na ya zamani mkononi. Kasha jembamba lina pawasaplai ya umbo lake, ile kubwa ya mraba ya madukani haitaingia. Na plagi zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani: mashine kama HP EliteDesk 800 G1 au Dell OptiPlex 7020 hazitumii kabisa ile plagi pana ya pini 24, kwa hiyo usimwamini anayesema «zote ni sawa». Ya kutoka kwenye mashine nyingine ya aina yako iliyoharibika kitu kingine itakufaa, ilimradi ijaribiwe ikiwa ya baridi. Tena tazama nyuma: baadhi ya pawasaplai zilizokuja na mitumba kutoka Marekani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlipuko na harufu, na hakuna wa kumdai.

Usikubali pia kufunguliwa pawasaplai mezani kwako ili «abadilishe kapasita chap chap». Kapasita kubwa iliyo upande wa kuingilia umeme inabeba zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki nazo hata waya ukiwa umechomolewa. Fundi wa elektroniki mwenye vifaa vyake anaweza kuifanya kazi hiyo na ikawa nafuu. Wewe na bisibisi yako, hapana.

Kuna jambo hukuliandika, lakini nimeingia kwenye steshenari nyingi kiasi cha kulikisia: ekstensheni moja, juu yake kompyuta, mashine ya fotokopi, printa ya leza na kile cha kulaminetia. Fotokopi na printa za leza zina kipashajoto kinachovuta umeme mwingi kwa mkupuo kila zinapoamka. Ukiwasha vyote kwa pamoja asubuhi, volti kwenye ekstensheni hiyo inashuka kwa muda, hasa kama waya wake ni mwembamba, na pawasaplai iliyozeeka inaanguka hapo hapo. Hamishia kompyuta kwenye soketi yake peke yake, na iwashe ya kwanza. Ukiwa na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kompyuta na monita tu ndivyo vikae humo. Printa ya leza itaizidi nguvu.

Kuhusu kuzima ukutani usiku, usiache. Masika ikija na radi zake za nyanda za juu, swichi iliyozimwa, na bora zaidi plagi iliyochomolewa, ni kinga ambayo hakuna kifaa cha dukani kinachoizidi. Ningeona heri ubadilishe betri kila baada ya miaka michache kuliko upoteze mashine nzima kwa usiku mmoja. Unachoweza kubadilisha ni mpangilio wa asubuhi: ukifika, washa soketi ya kompyuta kwanza, fagia, panga daftari na kalamu nje, halafu ndipo ubonyeze kitufe. Kwa pawasaplai iliyochoka, ile nusu saa ya umeme wa akiba inaweza kuleta tofauti, ingawa hiyo ni kuvuta siku tu wakati unatafuta nyingine. Ikichoka zaidi, joto halitasaidia.

Na wakati skrini ni nyeusi tangu mwanzo, kuzima kwa kushikilia kitufe hakuna madhara, Windows bado haijaguswa. Ila ukishaona nembo ya Windows na vile vidoti vinavyozunguka, subiri, hata ikichukua dakika kumi. Kuikatiza hapo mara kwa mara ndiko kunakoleta ile hali ya «Automatic Repair» isiyokwisha, na utakuwa umejiongezea ugonjwa wa nne.

Leo hii, kabla hujagusa bisibisi, wakati mashine imewaka, nakili faili za wateja na hesabu zako kwenye diski ya nje au flashi mbili tofauti. Sikiliza pia hadidiski: ikigonga tik, tik, tik kwa mpigo, iache ipumzike mara tu umemaliza kunakili.

Ikitokea kwamba umebadilisha betri, umesafisha ramu, umejaribu pawasaplai nzima ikiwa ya baridi, na bado asubuhi ni ukimya ule ule hata bila ramu, basi fundi wako alikuwa sahihi na mazabodi ndiyo yenye kasoro. Hata hapo nisingenunua mazabodi peke yake. Ya HP hiyo imechongwa kwa kasha lake, na inayopatikana itakuwa imetoka kwenye mashine yenye umri kama wa yako. Ulizia bei ya mashine nzima iliyotumika, toleo la miaka ya mbele kidogo, kisha uhamishie hadidiski yako humo ili faili zako zisipotee. Ya zamani usiitupe: ramu, feni na kasha lake vina wanunuzi, na pawasaplai, kama itakuwa imeonekana nzima, utakuja kumwazima mtu mwingine wa hapo Njombe.